Kidogo cha Dokta Helen

Siku niliyokabidhiwa dekio kwa mara ya kwanza pale kituo cha afya, waliokuwepo ni hawa. Alikuwepo Mama Anyelwisye wa Ikolo, mkuu wa usafi, mke wa binamu ya mama yangu, ndiye aliyenitafutia kazi. Alikuwepo Bwana Gwakisa, tabibu, mtoto wa mchungaji aliyenibatiza. Tuliogelea naye mtoni tukiwa wadogo, lakini akishavaa koti jeupe hakupenda mtu amkumbushe. Alikuwepo nesi Mwanaidi, ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa Kyela mjini na babu yake alitokea Pangani. Siku hiyo hatukuwa na udugu. Udugu ulikuja baadaye, kwa kubeba machela pamoja, tukaitana wifi. Na alikuwepo Dokta Helen kutoka Uingereza, ambaye hakuwa ndugu, mkwe wala jirani wa mtu yeyote, jambo lililotusumbua sana, maana hatukujua tumsalimie kama nani.

Baba mkwe wangu hakuwepo siku hiyo, ila atakuja. Jina lake sitaliandika. Wanyakyusa mnajua kwa nini, na wengine nitawaeleza tukifika.

Mimi ni Sekela wa Bujonde, darasa la nne la zamani, na nimestaafu juzijuzi tu. Rehema na Lugano, ninyi mliobaki na ufunguo wa stoo, ndio mlioniomba niandike. Habari za kupandishwa cheo msizitafute humu. Nilianza na dekio nikamaliza na dekio, katikati nikaongezewa Kiingereza bila kuulizwa kama nina nafasi. Mjukuu wangu Bupe ndiye anayechapa. Maneno ya Kiingereza ameyaandika yeye kama wanavyoandika shuleni kwao, kwa sababu nikiyaandika mimi kama nilivyoyasikia anasema ni aibu kwa ukoo.

Basi tuanze na dekio. Mama Anyelwisye alinifundisha kwamba sakafu husafishwa kuanzia pembe ya mbali kurudi mlangoni, la sivyo utajifungia ndani na maji yako kama mjinga. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na zisibadilishane kazi hata siku moja. Dekio likaushwe kichwa juu. Na kabla hujalowesha chini ya kitanda, msalimie aliyelala juu yake.

"Sakafu ni ya kituo," alisema, "lakini chini ya kitanda ni kwa mtu. Utaingia kwa mtu bila hodi?"

Hayo ndiyo mafunzo yangu yote. Yalichukua asubuhi moja. Wenzangu wengine walikwenda vyuoni miaka na hawakufundishwa kubisha hodi.

Kiingereza kilinijia kwa njia ya korido. Dokta Helen na Bwana Gwakisa walikuwa wakizungumza wakitembea, nami nilikuwa nikideki nyuma yao. Mtu akideki hahesabiwi kuwa yupo. Mwaka wa kwanza nilisikia sauti tu, wa pili nikaanza kusikia maneno, na wa tatu nikaanza kuelewa kwamba maneno si kitu, kazi iko kwingine.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la salamu. Asubuhi moja Dokta Helen alinikuta mlangoni akaniuliza, "How are you?" Nami nilishajua maana yake ni u hali gani, nikafurahi kuulizwa. Nikaegemeza dekio ukutani nikaanza kumjibu kama anavyojibiwa mtu wa heshima. Nikamwambia kwetu wamelala salama, isipokuwa mtoto wa pili ana kikohozi, mpunga wa kule chini umeingiliwa na maji, ng'ombe mweupe amezaa, mama mkwe anasumbuliwa na goti. Nilipofika kwenye goti niliinua macho, Dokta Helen alikuwa ameshapita milango mitatu. Mimi sikulelewa kumwacha mtu na jibu nusu. Nikamfuata hadi chumba cha dawa nikamalizia.

Alinisikiliza, maskini, mpaka mwisho. Kisha akasema pole kwa goti. Mwanaidi alikuwa anahesabu vidonge, akacheka hadi vidonge vikamchanganya.

"Wifi yangu," akaniambia tulipotoka, "wakikuuliza hivyo hawataki habari. Sema 'fine' upite."

"Hata kama mtoto ana kikohozi?"

"Hata kama nyumba inaungua. Sema 'fine', kisha nenda kazime moto."

Nikaona hilo neno ni kama kifuniko cha sufuria. Wao hukufunika nalo, na kilichomo kinaendelea kuchemka chenyewe.

Baadaye niliwekwa kuwapikia madaktari wageni mchana. Siku ya kwanza nilipika wali wa mchele wa kwetu, ule unaonukia mpaka barabarani, na samaki mbasa niliyemfuata mwenyewe ziwani Lyulilo asubuhi alipotoka majini. Dokta Helen alionja, akatafuna, akatazama dirishani, akasema, "Not bad." Yaani si mbaya. Nilirudi jikoni nikakaa juu ya gunia la mkaa nikasononeka. Kwetu ukimwambia mwanamke chakula chake si mbaya, amkeni mapema mkamwombe msamaha. Nilipokwenda kuondoa vyombo nikakuta sahani imefutwa, bakuli limefutwa, na mgeni anamnyonya mbasa kichwa, jambo ambalo hata sisi hulifanya tukiwa peke yetu. Nikaelewa kuwa kwao sifa huvaa nguo ya kuukuu ili isionekane inajidai.

Kuna siku nyingine alinishika bega akasema lazima nije kwake kunywa chai "some time". Nikamwambia Mama Anyelwisye. Mama Anyelwisye akasema mwaliko haukataliwi wala hauendewi mikono mitupu. Jumapili baada ya ibada tukaenda mimi, yeye, mume wangu Asajile akiwa na kofia, watoto wawili waliopakwa mafuta, mkungu wa ndizi na kuku mwekundu. Dokta Helen alifungua mlango kichwa kimefungwa taulo. Alitutazama sisi, akamtazama kuku, kuku akamtazama yeye.

"How lovely," akasema.

Tulikunywa chai, tena nzuri. Alitupa biskuti zote alizokuwa nazo na kuku alizurura sebuleni akifanya alivyotaka. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba hiyo "some time" ni siku ambayo haipo katika juma. Hupangwa ili isifike. Lakini namshukuru, hakutuambia. Alikwenda kuvaa viatu akarudi akawa mwenyeji.

Haya ni ya kucheka. Ya pole si ya kucheka. Mama mmoja alifiwa na mtoto wodini, Bwana Gwakisa hayupo, nikaitwa mimi kwa mara ya kwanza kutafsiri kwa mtu aliyefiwa. Dokta Helen alipiga magoti mbele ya yule mama akasema, "I am so sorry." Sisi tuna pole na tuna samahani, na kila moja inakaa kwake. Wao wameyatia maneno hayo mawili katika mfuko mmoja. Mimi kwa papara nikatoa la kwanza lililonijia mkononi, nikasema daktari anaomba msamaha. Baba wa mtoto akasimama.

"Anaomba msamaha wa nini? Amemfanya nini mwanangu?"

Nilipata akili haraka, nikasema, "Hapana baba, anasema pole. Analia nanyi." Na kweli alikuwa analia, hilo halikuhitaji mkalimani. Yule baba akakaa chini. Tangu siku hiyo nikawa natazama uso kwanza, maneno yanafuata. Rehema, wewe una simu inayotafsiri. Tumia tu. Ila simu haijui nani amepiga magoti.

Sasa niwaeleze kuhusu kidogo.

Dokta Helen hakuwa mtu wa kupaza sauti. Kila kitu kwake kilikuwa kidogo. Mvua ikibomoa choo, ni usumbufu kidogo. Bwana Gwakisa akichora mpango wa kupaka kuta rangi ya kijani nje na ndani, yeye anasema "interesting", yaani inavutia, Bwana Gwakisa anakwenda nyumbani kifua mbele, na rangi hainunuliwi. Mimi na Mwanaidi tulichukua muda kujua vipimo vyake. Akisema hana wasiwasi, mgonjwa ale. Akisema ana wasiwasi kidogo, "a bit worried", Mwanaidi alikuwa ameshaanza kukimbia kutafuta dereva. Akisema angefurahi zaidi kama mgonjwa angepelekwa juu, hospitali kubwa, maana yake gari lilipaswa kuwa limeondoka. Na akivua miwani akaifuta bila kusema neno, nilikwenda kuwaandalia ndugu wa mgonjwa mahali pa kukaa na kulia.

Wasomi wa kituo walijua haya vizuri kuliko mimi. Bwana Gwakisa aliniambia kwamba kule Uingereza kumtisha mgonjwa ni utovu wa adabu. Nikasema basi hatuna tofauti, maana na kwetu ni hivyo hivyo. Habari mbaya kwetu huzungushwa nyumba nzima kabla haijaingia mlangoni. Mtu anafuatwa shambani anaambiwa mama yake ana homa, naye anaanza kulia papo hapo, kwa sababu anajua homa haitumiwi mjumbe.

Ubaya ni adabu mbili zinapokutana juu ya kitanda kimoja.

Na mimi, tukiacha utani, ukalimani niliuanza siku ya ndoa. Mwanamke wa Kinyakyusa akiolewa hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hali mbele yake, wala hatamki jina lake. Si jina tu. Hata neno la kawaida likifanana na jina hilo, analiacha anatafuta lingine. Namna hiyo ya kusema tunaiita ingamwana. Nyumba moja mtama una jina hili, nyumba ya pili una jina lile, kutegemea mzee wao anaitwaje. Wakristo wengi wameyalegeza mambo haya, na mabinti wa leo wanapiga picha na baba wakwe zao wameshikana mabega. Lakini baba mkwe wangu alikuwa Mkristo wa Jumapili na Mnyakyusa wa siku zote. Akipita njiani alikohoa kutoka mbali, nami nilijitupa kwenye mikakao mpaka apite. Kwa miaka hiyo yote nilimjua kwa kikohozi chake na kisigino.

Basi ilikuwa msimu wa mpunga kuiva, mvua hazijakwisha. Bwana Gwakisa alikuwa ameitwa mjini kwenye semina. Mwanaidi alikuwa chumba cha uzazi na mama wa mapacha, pacha wa kwanza ametoka, wa pili anasita. Asajile mume wangu alikuwa Lyulilo na mchele. Nikiwa nadeki chumba cha kuonea wagonjwa nikasikia vijana wanashusha mtu nje, na sauti ya wifi yangu Tumpe, dada wa Asajile, inasema, "Polepole, baba, polepole." Kisha nikasikia kikohozi.

Mikakao hamna chumbani. Kulikuwa na pazia la magurudumu, nikaingia nyuma yake na ndoo yangu, nikageukia ukuta.

Walimlaza kitandani. Dokta Helen akaja, akamgusa tumbo, na mzee ambaye sikuwahi kumsikia akilalamika akatoa sauti kama ya ndama. Ilikuwa ngiri. Alikuwa nayo miaka mingi na alishaizoea kama mtu anavyozoea jirani mgomvi. Sasa ilikuwa imejinyonga na haikurudi ndani.

"Sekela?" Dokta Helen akaita. "Where is Sekela?"

"Behind," nikasema.

Akachungulia. "Why are you behind?"

"He is my husband's father."

Nilishamweleza mila hii zamani, siku za wali. Akasema, "Ah." Halafu akasema nikae hapo hapo, anitumie maneno, niyapitishe kwa Tumpe. Mzee alijua Kinyakyusa tu. Kiswahili aliona ni lugha ya makarani. Na Kiswahili cha Dokta Helen kilitosha kusema pumua na toa ulimi.

Tukaanza. Dokta Helen akasema ana wasiwasi kidogo na uvimbe huu, na angefurahi zaidi kama mzee angepelekwa hospitali kubwa leo kufanyiwa upasuaji, ikiwezekana kabla ya mvua. Wasiwasi kidogo na kufurahi zaidi, vyote katika pumzi moja! Nikamnong'oneza Tumpe kupitia ukingo wa pazia, "Mwambie ni hatari, apelekwe sasa hivi akapasuliwe."

Lakini Tumpe ni binti yake. Binti gani anamwambia baba yake habari za mahali pale? Akasema, "Baba, daktari anasema ingefaa mpumzike kwenye hospitali kubwa, mkipata nafasi."

Mkipata nafasi! Neno lilitoka Uingereza likiwa limevaa nguo mbili, Tumpe akalivika koti, likafika kwa mzee limekuwa salamu.

"Mwambie ndaga fijo," mzee akajibu, sauti ikikatika. "Mwambie nashukuru sana. Nitakwenda tukishavuna."

Tumpe akaniambia, nami nikamwambia Dokta Helen. Akatazama dirishani. Wingu lilikuwa limeshakalia milima ya Livingstone na chini yake kulikuwa na giza. Kila mtu alijua mto ukijaa gari halivuki mpaka kesho yake.

"I'd really rather he didn't wait," akasema. Angependelea asisubiri. Nikampitishia Tumpe kwa ukali zaidi. Tumpe akampitishia baba kwa upole zaidi. Mzee akasema mpunga hausubiri ugonjwa, na vijana wamrudishe nyumbani kabla hawajalowa. Nikawasikia vijana wanaingia kushika machela.

Nikachungulia kwenye upenyo wa pazia. Sikumtazama mzee. Nilimtazama Dokta Helen. Alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa ncha ya koti.

Hapo mimi nikakaa chini sakafuni, nikaivuta ndoo mbele yangu, nikaiambia kwa sauti ya kusikika mpaka nje, kwa Kinyakyusa:

"Ewe ndoo, sikia. Daktari anasema utumbo wa mtu umenyongwa na unaoza. Akirudi nyumbani leo, keshokutwa ukoo mzima utakuwa unapika chakula cha matanga, na mpunga watavuna wengine na kuula kwenye msiba wake."

Tumpe aliziba mdomo kwa khanga. Vijana waliacha machela wakatoka nje, kana kwamba mvua ingewafaa zaidi.

Baada ya muda sauti ikatoka kitandani, imechoka lakini ina hasira yake ile ile.

"Ndoo hiyo ni ya ukoo gani?"

"Ndoo haina ukoo," nikaiambia ndoo. "Ni ya kituo."

"Ndoo, umesema hayo wewe, au amesema mzungu?"

"Mzungu amesema ana wasiwasi kidogo. Kidogo chao ndicho hicho nilichokitaja."

"Kwa nini hasemi?"

"Kwa sababu ana adabu."

Mzee akavuta pumzi. "Na wewe huna?"

"Ndoo hailelewi, baba," nikasema, na nilipotamka baba nikauma ulimi.

Hakulifuatilia. Aliguna, maumivu yakampita, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimelitegemea. "Ndoo. Nitakatwa wapi?"

Sasa Rehema, wewe umesoma, niambie ungejibu nini. Nilitazama maji ya sabuni nikaomba msaada.

"Patakatwa mahali," nikaiambia ndoo, "ambapo hata ndoo haiwezi kupataja mbele ya mwenye nyumba."

Mzee akacheka. Kicheko kilimuuma akalia, akacheka tena katikati ya kulia. Halafu akasema, "Tumpe, waambie wawashe gari. Mpunga avune Asajile, amezidi kukaa Lyulilo."

Wakamtoa. Nilibaki nyuma ya pazia mpaka niliposikia gari limepanda kilima. Dokta Helen akaja, akasukuma pazia, akanikuta nimekaa sakafuni uso kwa uso na ndoo.

"That was rather long," akasema. "What did you tell him?"

Nikamwambia, "I said you are a bit worried."

Alinitazama. Akavaa miwani yake.

"Quite," akasema, yaani ndivyo hasa, akaenda kumsaidia Mwanaidi na pacha wa pili, ambaye naye aliamua kutoka.

Gari lilivuka. Tumpe aliyekwenda naye anasema maji yalikuwa yameshafika kwenye ngazi ya mlango wa gari, na dereva alikuwa anaimba pambio ili asisikie injini. Mzee alipasuliwa jioni ile ile, kipande cha utumbo kikatolewa, na daktari wa huko alipomweleza Tumpe kwamba wangechelewa kidogo tu wangemkosa, Tumpe alimshika mkono akamwuliza, kidogo cha Kiswahili au cha Kiingereza?

Nyumbani lakini habari ilikuwa imetangulia. Vijana wa machela waliisimulia vilabuni na kila kilabu kiliongeza lake. Mama mkwe wangu, Bibi Atupakisye, akaitisha kikao cha wanawake, maana mkamwana amesema na baba mkwe, tena amemtajia kifo chake na mengineyo. Nilikaa chini karibu na mlango. Shangazi mmoja wa mume, Bibi Ngabagila, aliyekuwa mkali kuliko wote, akataka nirudishwe kwetu nikafundishwe upya.

Bibi Atupakisye alimsikiliza mpaka mwisho, akinyoosha lile goti lake.

"Sekela alisema na nani?" akauliza.

"Na ndoo," Tumpe akajibu.

"Baba yenu alisema na nani?"

"Na ndoo."

"Ndoo imeolewa hapa?"

Bibi Ngabagila akaanza kujifunga upya khanga yake.

"Basi mnanipotezea siku. Mume wangu anarudi Jumamosi, nani anatwanga?"

Kuku akachinjwa, kwa sababu kikao chochote kwetu lazima kiishie kwa kuku, na Bibi Ngabagila akala paja.

Mzee alirudi amekonda, akaishi miaka mingi baada ya hapo, akavuna mpunga wake mara nyingi. Mila yake hakuilegeza hata uzi mmoja. Aliendelea kukohoa njiani, nami niliendelea kujitupa kwenye mikakao na magoti yangu ya uzee. Wageni waliosikia kisa hiki huniuliza kama hatimaye alinishukuru uso kwa uso. Wanapenda simulizi ziishie hivyo. Angenishukuruje uso kwa uso? Angekuwa amenitukana.

Dokta Helen alirudi kwao tulipokuwa hatujazoea kwamba angeondoka. Mama Anyelwisye amelala Ikolo. Mwanaidi yupo mjini, bado ananiita wifi. Sasa ninyi mnawaelekeza wageni wenyewe kwa Kiingereza cha chuo, na ni kizuri, kinanyooka. Ninachowaomba ni hiki tu, mgonjwa akiambiwa kidogo, msimwachie kidogo hicho mkononi aende nacho nyumbani.

Limebaki moja, na hapa ndipo nahitaji msaada wa walio hai.

Mwaka wa mwisho wa mzee, asubuhi moja ya umande, nilisikia kikohozi njiani nikaingia kwenye mikakao kama kawaida, nikageuza uso. Visigino vikaja. Halafu vikasimama, jambo ambalo havikuwahi kulifanya. Mzee akaugeukia mkakao ulio mbele yangu, akauambia, "Ndaga." Akaongeza, "Ndaga fijo." Akaenda zake.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Lakini Tumpe alikuwa nyuma yake amembebea kiti, na Tumpe anaapa kwamba baba hakusema neno lolote. Anasema alisimama kuvuta pumzi, akakohoa mara mbili, basi. Tumebishana juu ya hili kwenye misiba mitatu na harusi moja. Kwa hiyo, kama kuna aliyekuwa shambani Bujonde asubuhi hiyo akasikia, au kama nimekosea jina la mtu, au udugu wake, au nani alikula paja, njooni mniambie. Nipo nyumbani, na mlango uko wazi. Na kama kweli kilikuwa kikohozi, semeni tu msinizungushe. Ila mjue kwamba nimekula mshahara maisha yangu yote kwa kusikia yale ambayo watu hawakuyasema, na hiyo asubuhi sikuwa likizo.